Karatasi Iliyosema Nimetetemeka

Jumatatu, 6 Februari 1956

Leo nimeanguka. Naandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Tulikuwa tunapakia behewa la tatu pale stesheni ya Kitale. Mahindi ya mashamba ya wazungu, gunia moja ratili mia mbili. Ubao wetu ni mwembamba, kwa hiyo tunapanda mmoja nyuma ya mwingine, hatua moja, wimbo mmoja. Mimi mbele, Sitati nyuma yangu. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Sitati ni bakoki wangu, tulitahiriwa mwaka mmoja, na simpi mtu mwingine nafasi ya kunifuata kwenye ubao.

Katikati ya ubao pumzi ikakatika. Si kuchoka. Kuchoka nakujua! Hii ilikuwa kama kamba imezungushwa kifuani, na mtu anaivuta. Giza likaingia machoni. Nilipofumbua nilikuwa chini, mdomo umejaa vumbi, gunia limepasuka, na kuku wa stesheni wamekwisha kufika.

Rotich, nyapara wetu, akauliza kama nimekunywa. "Wewe Wabwile, asubuhi hii yote?" Nikasema nimejikwaa. Sikujikwaa.

Bwana wa ghala hakusema mengi. Ameandika barua ya hospitali. Nirudi na karatasi inayosema mimi ni mzima. Nikirudi bila hiyo, atanifuta kazi kwenye kipande changu cha kazi, nishike njia ya kwetu Kanduyi.

Kwetu! Miaka kumi na miwili niko hapa. Nekesa, mke wangu, analima huko peke yake na watoto wanne, na shamba letu ni ukanda tu katikati ya mashamba ya ndugu zangu. Nikirudi nitafanya nini? Nitakaa kwenye kigoda nimtazame analima?

Sitati amebeba posho yangu mpaka chumbani kwetu Tuwan. Sikumwomba.

Jumanne, 7 Februari

Hospitali. Nimengoja tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

Dresa, msaidizi wa daktari, anaitwa Kiptanui. Ni mtu wa Mlima Elgon, kijana, shati jeupe limepigwa pasi. Anasema Kiingereza na daktari, kisha ananigeuzia mimi kwa Kiswahili.

Daktari alisikiliza kifua kwa mpira wake wa masikio. Mbele, nyuma, kisha akanilaza ubavu wa kushoto akasikiliza tena, amefumba macho. Alikaa hapo muda mrefu kuliko wagonjwa wote walionitangulia. Nilihesabu. Akanifunga mfuko wa hewa mkononi akaupuliza mpaka vidole vikafa ganzi. Akanigeuza shingo akaitazama mishipa, kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwisho akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, hapa juu ya kifundo. Akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama wote watatu.

Akauliza kama utotoni magoti yalipata kuvimba, na homa. Nikasema hapana. Uongo. Masika mazima nilibebwa mgongoni mwa mama, sikuweza kukanyaga chini. Lakini kwa nini niwape kamba ya kunifungia?

Akauliza nalala namna gani. Nikasema vizuri. Uongo wa pili. Nalala nimekaa, mgongo ukutani, tangu Krismasi.

Jumatano, 8 Februari

Eksirei. Unavua shati, unakumbatia bamba la chuma, baridi sana! Kidevu juu. Vuta pumzi, ishike. Sauti kama mlango wa behewa, basi, imekwisha.

Kisha sanduku. Ni sanduku la mbao la kukanyaga: panda, shuka, panda, shuka, na Kiptanui anahesabu. Niliamua nitafunga mdomo ili wasisikie ninavyohema. Nilifika ishirini na nne mdomo umefungwa. Nikaomba ruhusa kwa adabu, nikatoka nje, nikatapika nyuma ya tangi la maji.

Kurudi nimemkuta Kiptanui anaandika. Sikujua alikuwa amesimama dirishani.

Alhamisi, 9 Februari

Picha imetoka. Kiptanui aliiweka kwenye kioo cha dirisha. Mbavu zangu! Mtu anajiona kama atakavyokuwa kaburini. Katikati kuna kivuli cheupe. Kiptanui akasema huo ndio moyo. Ungetakiwa kuwa kama ngumi ya mwenyewe. Wangu umezidi, umefika karibu na ubavu.

Nikasema moyo mkubwa unamfaa mbeba magunia. Hakucheka.

Daktari bado hajaandika neno. Kuna dawa, vidonge vinavyotoka katika majani ya mmea fulani. Moyo wa aina moja unapona navyo kiasi, moyo wa aina nyingine unauawa navyo. Kwa hiyo lazima ajue wangu unapiga vipi, na kusikiliza tu hakutoshi. Jumamosi treni inamleta daktari kutoka Nairobi na mashine inayoandika mapigo kwenye karatasi. Atakaa mpaka Ijumaa ya juma lijalo. Nimepewa kitanda wadini nimngoje.

Jirani yangu ni Mzee Kipsang, mwendesha ng'ombe wa plau katika shamba la mzungu. Alikuja na miguu kama vinu. Ameandikwa na mashine hiyo mara iliyopita, anakula vile vidonge, sasa miguu ni ya binadamu. Anaringa nayo. Anaitoa kwenye blanketi kuonyesha kila anayepita.

Jumamosi, 11 Februari

Mkono bado una hasira lakini nitaandika.

Mashine ilikuja asubuhi, sanduku la mbao lenye saa na vitufe vya kuzungusha. Wakanilaza. Kiptanui akanifunga vitambaa vya maji ya chumvi mikono miwili na miguu miwili, juu ya kila kitambaa bamba, na kila bamba na waya wake. Daktari wa Nairobi ni kijana, ana mafua, anapiga chafya kila mara. Akasema, Kiptanui akageuza: usisogee, usiseme, tulia kabisa.

Kutulia! Kama kuna jambo moja nililofundishwa duniani, ni hilo. Agosti ya 1938, alfajiri ya kutahiriwa, uwanjani kwa baba, tope la mtoni limenikauka mwilini, na watu wote wananitazama machoni waone kama ukope utacheza. Haukucheza. Mjomba wangu alilia kwa furaha mbele ya watu. Mimi ni wa rika la Chuma, na hakuna mtu kutoka Kanduyi mpaka mlimani anayeweza kusema lolote juu ya asubuhi ile.

Basi nikafanya vilevile. Nikakaza taya. Nikakaza mapaja, tumbo, vidole vya miguu. Nikachagua msumari mmoja darini, nikautazama. Inzi alinitua mdomoni, sikumfukuza. Niliwaza: hawa hawajaona mgonjwa kama mimi.

Karatasi yake huoshwa gizani kama picha. Mchana Kiptanui akarudi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Haisomeki," akasema. "Daktari anasema umetetemeka."

Nikamwambia rudia. Akarudia, mbele ya watu kumi na sita wadini! Nikamwambia: wewe ni mtu wa Elgon, kwenu mnatahiri pia, unajua neno unaloniambia?

"Najua," akasema. "Si mimi, ndugu yangu. Ni karatasi."

Mzee Kipsang akacheka mpaka akakohoa. "Mbukusu ametetemeka! Hii habari nitaipeleka mpaka Suam!"

Nimegeukia ukuta. Chakula sikula. Kwetu, mtu aliyetetemeka mbele ya kisu anasimuliwa mpaka wajukuu zake waone haya. Sasa iko karatasi.

Jumapili, 12 Februari

Mhubiri amekuja wadini. Nilijifanya nimelala.

Kipsang ameniomba radhi kwa kunipa nusu ya ndizi yake. Nimeila.

Jumatatu, 13 Februari

Mara ya pili. Niliomba mwenyewe warudie. Nilitaka karatasi ile ikanushwe na karatasi nyingine.

Nilikaza mara mbili ya kwanza. Jasho lilinitoka mpaka Kiptanui akanifuta. Meno yaliuma.

Imekuwa mbaya zaidi. Safari hii Kiptanui aliniletea niione. Mstari umejaa meno madogo madogo, mwanzo mpaka mwisho, kama msumeno. Nikaona macho yanataka kunisaliti.

Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo haliruhusiwi. Akashika mkono wangu. "Kunja ngumi. Kaza. Kaza kabisa. Sasa tazama."

Nikatazama. Ngumi yangu ilikuwa inacheza. Kidogo sana, lakini inacheza.

"Nyama ikikazwa inapiga kelele," akasema. "Mashine inasikia kelele yote. Moyo wako unaongea chini ya hiyo kelele, sisi hatuusikii. Hutetemeki kwa hofu, Wabwile. Nguvu yako ndiyo inatetemeka. Siku ile ya kisu, ungefungwa hii mashine, na wewe, na mimi, na baba yangu, sisi wote tungeandika hivi."

Hasira imeniishia, na sijui nimebaki na nini mahali pake.

Maana sasa najua. Jumamosi nilikaza kwa sababu ya kutojua. Leo pia. Lakini mashine itarudi kwangu mara moja tu, Alhamisi, na nikikaza tena nitakuwa naficha. Ijumaa daktari na sanduku lake wanapanda treni. Kiptanui anasema karatasi zote zikikosa kusomeka, daktari wa hapa hatanipa kidonge na hataandika ugonjwa asioujua. Atanirudisha kazini nikajaribu.

Kukaza tu. Kwa dakika chache tu! Halafu niko kwenye ubao tena.

Jumanne, 14 Februari

Sitati alikuja jioni kutoka kazini, mavumbi ya mahindi kichwani, amechelewa kuoga ili asipitwe na saa ya kuona wagonjwa. Ameleta chai kwenye chupa na salamu za Nekesa. Shemeji yangu alipita sokoni Kitale. Nekesa anasema nisiharakishe, mtama haujaisha. Ndivyo anavyosema kila mara mtama ukikaribia kuisha.

Nikamweleza Sitati habari ya mashine. Kila kitu, hata kutetemeka. Alicheka akajipiga paja.

"Ati nguvu inaharibu karatasi? Si basi umepata njia, bana! Kaza! Kaza kama mwanamume, hao warudi Nairobi na sanduku yao. Rotich amekushikia nafasi yako, lakini ameniambia anangoja Jumatatu tu. Baada ya hapo anachukua kijana mmoja wa Kimilili."

Nikacheka naye. Tulicheka kama watu wawili waliokwisha kuvuka mto.

Kisha nikamwona akimimina chai kwa mkono wa kushoto. Sitati hatumii mkono wa kushoto hata kukuna kichwa. Nikauliza mkono umefanya nini. Akasema hakuna. Nikamshika bega la kulia, akavuta pumzi kwa meno.

"Ni kidogo, bana. Ile siku gunia yako ilishuka kidogo upande wangu. Mimi niliruka. Siyo sana."

Siyo sana! Nikamwambia avue shati. Akakataa. Nikamwambia kama bakoki wangu avue. Akafungua vifungo viwili. Kuanzia shingoni mpaka chini ya kwapa nyama imekuwa ya zambarau, na kandokando njano.

"Na unabeba hivyo?"

"Nabeba bega la pili. Rotich hajui. Usimwambie."

Siku nane. Siku nane anabeba ratili mia mbili kwa bega la kushoto na hakuniambia, na jioni hii amekuja kunifundisha namna ya kurudi mbele yake kwenye ubao ule ule.

Alipoondoka nilimwambia asante kwa chai.

Jumatano, 15 Februari

Nimejaribu kulegea. Siwezi.

Nalala chali, nauambia mguu ulegee. Unalegea. Nauambia mkono, mguu unakaza tena. Kumbe mwili wangu wote umefungwa, na sijui ulifungwa siku gani. Labda ubaoni. Labda kwa baba.

Na iko aibu. Kulala mbele ya mtu mwenye vyuma, nimelegea kama nguo, ananitazama! Mwili unakataa kabla mimi sijakataa.

Mzee Kipsang alikuwa ananiangalia. Akauliza kwa upole, bila mzaha. Nikamwambia.

"Umewahi kuona ng'ombe akifunguliwa nira jioni?" akasema. "Hashangilii. Shingo inaanguka tu yenyewe. Anasimama hapo hapo kidogo, hajui kama yuko huru. Usijaribu kulegea. Wewe ngoja ufunguliwe."

Kiptanui alipopita na dawa za jioni nilimwita. Nikamwambia magoti yalivimba nikiwa mtoto, masika mazima, na homa. Na kwamba nalala nimekaa. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliandika palepale amesimama.

Alhamisi, 16 Februari

Nitaandika upesi. Niko nyuma ya jiko la hospitali, nimekaa juu ya kuni.

Asubuhi walinilaza. Vitambaa, chumvi, waya. Daktari wa Nairobi bado ana mafua. Kiptanui hakusema tulia. Alinivutia blanketi mpaka tumboni.

Nilianza na taya. Nikaiacha. Ikaanguka, mdomo ukawa wazi kama wa mtu aliyekufa, nikaona haya, nikaiacha hivyohivyo. Kisha mabega. Niliwaza bega la Sitati, hilo la zambarau, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Kisha sijui. Kitanda kilinipokea. Maji yakatoka machoni yakaenda mpaka masikioni, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na waya. Mashine ilikuwa inanguruma polepole. Sikutazama msumari. Sikutazama kitu.

Baada ya saa mbili hivi wakaniita. Karatasi ilikuwa bado mbichi, imebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Madaktari wote wawili walikuwa wameinama mbele yake. Kiptanui akanisogeza niione.

Mstari ni safi. Hakuna jino hata moja la msumeno. Ni mimi huyo, na sijatetemeka.

Lakini vile vilima! Viwili vimebanana. Kisha tambarare ndefu. Kimoja. Kisha vitatu vinasukumana, halafu tena tambarare, ndefu mpaka unaogopa hakitakuja kingine. Hakuna aliyenifundisha kusoma karatasi ile. Lakini miaka kumi na miwili nimepanda ubao kwa hatua za kufuatana, na nilijua kabla hawajafungua mdomo.

Kiptanui akageuza maneno ya daktari. Mlango mmoja ndani ya moyo umekakamaa, ni kazi ya homa ile ya utoto. Moyo umechoka kuusukuma, umepoteza mwendo. Kidonge kinanifaa, naanza leo. Miguu itapungua. Nitalala chali tena, labda.

Kisha daktari wa hapa akachukua karatasi ya bwana wa ghala na kalamu, akauliza jambo. Kiptanui hakuligeuza mara moja. Alinitazama kwanza.

"Anauliza kazi yako hasa ni nini. Barua ya bwana wako imesema mfanyakazi wa ghala, basi. Kama ni kuhesabu magunia au kufagia, anaweza kuandika urudi, na vidonge vyako. Kama ni kubeba, anaandika usibebe tena. Hata gunia moja. Hata siku moja."

Kiptanui anaijua kazi yangu. Ameona sugu ya begani nilipovua shati siku ya kwanza. Angeweza kumwambia daktari kwa Kiingereza, mimi nisijue. Aliningoja niseme mwenyewe.

Kuhesabu. Ni neno fupi. Jumatatu ningekuwa kwa Rotich, naye hasomi Kiingereza, anatazama mhuri tu. Nafasi yangu. Chumba cha Tuwan. Nekesa asingelazimika kuniona nimekaa. Na Sitati angenifuata ubaoni akiimba, kwa bega lake moja. Asingeuliza kitu. Hilo ndilo baya, kwamba asingeuliza.

Nikaomba ruhusa niende haja. Daktari akaitikia kwa kichwa, yule wa Nairobi akapiga chafya.

Sikwenda haja. Nimekuja hapa kwenye kuni na kitabu hiki kwa sababu mdomo wangu naujua. Umedanganya tangu ubaoni. Nimeona nikiandika kwanza, mdomo utafuata mkono.

Kubeba. Mimi nabeba, daktari.

Nimelisema kwa sauti, kulijaribu. Mama anayechambua mboga mlangoni mwa jiko amegeuka.

"Unabeba nini, baba, na hiyo miguu?"

Kiptanui amesimama kwenye kona ya ukuta, ananiita kwa jina, mara ya pili hii, na amenyoosha mkono anishike nikisimama.